Jumanne Isiyo na Koti Jeupe

Nilimuuliza Bi Hermitas, "Mzee hajambo?"
Akanitazama kama mtu atazamavyo saa iliyosimama.
Mzee alikuwa na wiki sita kaburini,
na cheti cha kifo
kilikuwa na saini yangu.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.
Aliuvuta mkoba, akaupakata, akasema,
"Umechoka, binti yangu,"
kisha akanyoosha mkono nimpime presha,
kumbe yeye ndiye aliyekwisha kunipima.

Arobaini na wawili kwa siku. Dakika sita kila mmoja.
Moja ya kuvua koti, maana mvua ya Lugo
haibishi hodi, huingia na mgonjwa;
moja ya kutafuta miwani, moja ya kukohoa,
na tatu zilizobaki niliikodolea kompyuta,
nikiandika maumivu ya mtu
nikiwa nimempa kisogo.
Miaka kumi na tisa.
Mganga hajigangi, walisema wahenga,
nami nikaivaa methali ile kama nishani.
Nilichelewa kuisoma vizuri:
ni malalamiko, si sifa.

Nikaandika barua: naomba siku tatu badala ya tano.
Bwana Teixeiro wa utawala aliisoma mara mbili,
akauliza kama nina mimba, au saratani, au shamba.
Sina, nikasema. Nina kichwa kimoja tu.
Akagonga mhuri kama anayeua nzi.

Sitasema uongo. Mshahara ulipungua,
Antía akaacha masomo ya fidla muhula mzima,
na Breixo wa chumba cha pili,
aliyerithi wagonjwa wangu wa Jumanne,
aliacha kunisubiri kwenye kahawa.
Sasa hunisalimu kwa nyusi.
Mzigo haukuyeyuka, ulihama bega,
na bega lenyewe nalijua kwa jina.

Jumanne ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri,
nikavaa, nikafika mlangoni, funguo mkononi,
ndipo nikakumbuka.
Nikapanda ule ukuta wa Warumi uzungukao mji,
nikatembea juu yake hadi nikajikuta palepale nilipoanzia.
Nikazunguka tena.
Vidole vilikuwa vikipapasa shingo,
vikitafuta mipira ya kusikilizia moyo.
Mzunguko wa tatu ndio nilioanza kuona:
soksi za mtoto zimeanikwa mkabala wa kanisa kuu,
mwanamume anamkogesha kasa kwenye beseni
na kumsemesha, taratibu,
kana kwamba hakuna anayesubiri nje.

Sokoni, nikichagua vitunguu,
kijana wa samaki akapiga ukelele:
"Daktari! Kumbe una miguu!"

Halafu ikaja Alhamisi ile ya Novemba.
Don Orosio, moyo, saa nne asubuhi,
nami nikiwa msituni naokota uyoga.
Hakuna aliyesema *ungekuwepo*.
Nilijisemea mwenyewe, kwa sauti za wote.
Uyoga ulioza kikapuni, sikuugusa.
Usiku nikapiga hesabu:
kama angekuwa mgonjwa wa arobaini na moja,
na mimi yule wa zamani,
ningeusikia ule moyo ukikwaa?
Sijui.
Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi
ninayoihifadhi pamoja na leseni yangu.

Jumatano iliyofuata Bi Hermitas alirudi, na mayai sita
yamefungwa kwenye gazeti.
Nikaisukuma kompyuta, ikatazama ukuta.
Nikamuuliza, "Siku hizi unalalaje?"
Alinyamaza. Nikamwacha anyamaze.
Akasema analala upande wa mumewe,
ili upande ulio mtupu
uwe wake yeye.

Dakika kumi na moja.
Nje mtu akakohoa, kikohozi cha hasira,
si cha mapafu. Tofauti yake naijua.
Nikamwacha akohoe.